Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyezalisha kuran kwa sumaku

Wandugu, sisi wenye kushuka shimoni tunajua: kuran ikikatika, mashini ya hewa inasimama, pompi ya maji inasimama, na kila mtu anatafuta njia ya kupanda juu. Leo tuongee juu ya mtu aliyeonyesha namna gani kuran inazaliwa.

Michael Faraday alizaliwa Uingereza tarehe 22 Septemba 1791. Baba yake alikuwa mhunzi, nyumbani pesa kidogo, masomo kidogo. Akiwa na miaka 14 akatiwa kazi kwa mshona vitabu wa London. Miaka 7 alishona vitabu, na alikuwa akivisoma. Mwaka 1813 mtaalamu Humphry Davy akamchukua awe msaidizi wake. Mwaka 1815 akamsaidia Davy kutafuta taa ya wachimba makaa, ile isiyowasha gesi ya shimoni.

Tarehe 17 Oktoba 1831 akachukua bomba la karatasi lililozungushiwa waya wa shaba (ndiyo, shaba, sawa hii yetu), akaunganisha waya na chombo chenye sindano ya kuonyesha kuran. Akaingiza sumaku haraka: sindano ikaruka. Akaiacha sumaku itulie ndani: sindano ikarudi fasi yake, kuran hakuna. Akaivuta nje: sindano ikaruka upande mwingine. Sumaku ikilala tu, hata iwe na nguvu namna gani, haitoi kitu, lazima itembee. Kule Nseke kazi ni ile ile: maji yanazungusha turbini, na turbini inazungusha sumaku kubwa katikati ya nyaya za shaba.

Sisi watu wa sindika tunamkumbuka kwa jambo lingine. Septemba 1844 mlipuko uliua watu 95, wanaume na watoto, katika mgodi wa makaa wa Haswell. Wakili wa wachimbaji akaiomba serikali itume wataalamu. Faraday akaenda pamoja na Charles Lyell, wakashuka chini. Mule akauliza baruti inawekwa wapi. Akaambiwa mfuko aliokalia ndio wenyewe! Korti ikasema ni ajali, hakuna mwenye kosa. Lakini wao wawili wakaandika kwamba si gesi peke yake, hata vumbi la makaa liliwaka na kuongeza moto. Faraday alikufa tarehe 25 Agosti 1867, na migodini neno lile la vumbi lilikuwa bado halijasikilizwa.