Elbridge Gerry na Jimbo Lenye Mabawa

Mtahiniwa, mtu utakayesoma habari zake hapa alitia saini Azimio la Uhuru wa Marekani, akawa gavana, kisha Makamu wa Rais. Hata hivyo, jina lake linakumbukwa zaidi kwa sababu ya ramani moja. Soma taratibu, hasa ukifika mwaka 1812.

Elbridge Gerry alizaliwa tarehe 17 Julai 1744 katika mji wa bandari wa Marblehead, Massachusetts, wakati huo likiwa koloni la Uingereza. Familia yake ilifanya biashara ya kusafirisha samaki wakavu ng'ambo. Alihitimu Chuo cha Harvard mwaka 1762, akaingia katika biashara hiyo, kisha akavutwa na siasa za kupinga utawala wa Waingereza.

Mwaka 1787 alikuwa Philadelphia kwenye mkutano ulioandika Katiba. Gerry alikaa mpaka siku ya mwisho, halafu akakataa kutia saini. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba Katiba ile haikuorodhesha haki za raia ambazo serikali isingeweza kuzigusa. Waliokataa siku ile walikuwa watatu tu. Mimi huona huo ni ujasiri, na ndiyo maana yaliyofuata yananisikitisha.

Mwaka 1810, baada ya kushindwa mara kadhaa, alichaguliwa kuwa gavana wa Massachusetts kupitia chama cha Democratic-Republican. Wapinzani wake walikuwa chama cha Federalist. Februari 1812, wabunge wa chama chake walipitisha sheria ya kugawa upya majimbo ya kuchagua maseneta wa Massachusetts. Zamani mipaka ilifuata ile ya wilaya. Sasa ilipindapinda, na katika wilaya ya Essex jimbo moja jembamba likajikunja kuzunguka miji ya pembeni. Inasimuliwa kwamba Gerry hakuipenda sheria hiyo, lakini aliitia saini. Basi usiandike kwamba alichora ramani; kosa lake ni saini.

Tarehe 26 Machi 1812 gazeti la Boston Gazette lilichapisha kibonzo cha jimbo hilo, likiwa limeongezewa kichwa, makucha na mabawa. Jina la gavana liliunganishwa na la salamanda, mnyama anayefanana na mjusi, na neno jerimanda likazaliwa.

Hila yenyewe inafanyaje kazi? Chukua kalamu. Chora vijiji tisa vyenye wapigakura sawa: vitano vya chama A, vinne vya chama B. Unatakiwa kupata majimbo matatu ya vijiji vitatu vitatu. Rundika vijiji vitatu vya A katika jimbo moja. Viwili vilivyobaki vitawanye, kimoja kimoja, katika majimbo mawili yenye vijiji viwili viwili vya B. Hesabu sasa: B ana vijiji vichache, lakini ameshinda majimbo mawili kati ya matatu. Hakuna kura iliyoibwa wala sanduku lililofunguliwa usiku.

Ndivyo ilivyokuwa Massachusetts mwaka ule. Katika uchaguzi wa maseneta, Federalist walipata kura 51,766 na viti 11. Chama cha Gerry kilipata kura 50,164 na viti 29.

Je, Gerry mwenyewe alinufaika? La. Gavana alichaguliwa kwa kura za Massachusetts nzima zikijumlishwa pamoja, na hapo mpaka wa jimbo hauna la kufanya. Gerry alishindwa na Caleb Strong, mtu yuleyule aliyemshinda mwanzoni mwa karne hiyo. Sheria ikawalinda maseneta, aliyeitia saini akaondoka.

Chama hakikumtupa. Machi 1813 aliapishwa kuwa Makamu wa Rais chini ya James Madison. Tarehe 23 Novemba 1814, akiwa na miaka 70, alifariki mjini Washington akiwa njiani kwenda katika Seneti, akazikwa hukohuko.

La mwisho ni matamshi. Jina lake lilitamkwa kwa g ya neno gari, lakini wengi leo hutamka jerimanda kwa j. Hata sauti ya jina lake haikubaki kama alivyoiacha.