Maisha ya Daktari Denis Burkitt, Aliyejifunza Kutokana na Chakula Chetu

Daktari Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, huko Enniskillen, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Ayalandi. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, tena mtu apendaye sana ndege. Aliwatia pete miguuni ndege wadogo wa bustanini kwake, kisha akachora ramani kuonyesha mahali alipokaa kila mmoja. Msomaji aikumbuke ramani hiyo, maana mtoto aliirithi tabia ya baba yake, na kwa tabia hiyo aliwafaa watu wengi wa Afrika.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, wavulana walirushiana mawe, na jiwe moja likavunja kioo cha miwani yake. Jicho la kulia likaharibika kabisa, na tangu siku ile aliishi kwa jicho moja. Hata hivyo hakukata tamaa ya masomo. Alikwenda Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi, lakini baada ya mwaka mmoja akageukia udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akafaulu mtihani wa madaktari wapasuaji huko Edinburgh.

Alipoomba kazi katika Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia jeshini kama daktari, akatumikia Kenya na Somalia, na moyo wake ukazidi kuvutwa na nchi hizi. Hatimaye, mwaka 1946, alipewa kazi Uganda. Kwanza alikaa Lira, na mwaka 1948 akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Huko Lira alipasua wagonjwa wengi wa busha. Akaona kwamba wengi walitoka upande mmoja wa wilaya, na upande wa pili walikuwa wachache. Daktari mwingine angalishona kidonda akamwita mgonjwa wa pili. Burkitt aliuliza kwa nini, akachora ramani.

Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto mdogo aliyevimba taya zote mbili, juu na chini, kila upande. Baada ya wiki chache alikwenda Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule. Alichunguza kumbukumbu za hospitali, akatambua kuwa ni kansa ya watoto ambayo hakuna aliyekuwa ameieleza vizuri. Mwaka 1958 aliandika habari zake. Fedha alizopewa mwanzo zilikuwa kidogo mno, Pauni 25 tu. Kwa fedha hizo alichapa picha za ugonjwa, akazituma kwa barua katika hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama umeonekana huko.

Kisha, mwezi wa Oktoba, 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walipanda motakaa kuukuu, wakaondoka Kampala. Walipita Tanganyika wakafika hata Afrika Kusini. Walisafiri wiki 10, maili 10,000 hivi, wakatembelea hospitali zaidi ya 50. Ramani ikaonyesha jambo la ajabu: ugonjwa ulikaa katika nchi za joto na mvua, wala haukuonekana katika nyanda za juu zenye baridi. Sisi wa Mbinga twaweza kulielewa upesi. Mahali pengi pa Umatengo, penye ngoro na mikahawa, hupita mita 1,300 juu ya bahari, na ufuko wa Ziwa Nyasa hapo Mbamba Bay uko chini ya mita 500. Mtu akiteremka asubuhi na sweta, mchana atalivua.

Mwaka 1964 wataalamu wa London, wakiongozwa na Bwana Epstein, waligundua virusi katika vipande vya uvimbe vilivyopelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Leo yajulikana kwamba virusi hivyo, pamoja na malaria ya mara kwa mara, ndivyo huleta ugonjwa ule. Burkitt naye alijaribu dawa, na watoto kadhaa walipona. Ugonjwa huo huitwa kwa jina lake mpaka leo.

Kazi hiyo pekee ingalitosha kumpa sifa. Lakini mwaka 1966 alirudi Uingereza, akaanza kazi ya pili, na hiyo ndiyo inayotuhusu sisi tulao katika bwalo la shule. Aliona kwamba magonjwa yaliyojaa katika hospitali za kwao, kama kidole tumbo, bawasiri, kufunga choo na kansa ya utumbo mpana, yalikuwa haba sana katika hospitali za vijijini Afrika. Akaandika tena barua nyingi kwa madaktari. Safari hii aliuliza juu ya chakula na, bila haya yoyote, juu ya choo.

Yeye na wenzake waliwapa watu vidonge vidogo vya plastiki wavimeze, wakahesabu saa mpaka vitoke. Mwaka 1972 walitangaza matokeo. Kwa wanakijiji wa Uganda vilitoka kwa wastani wa karibu saa 36. Kwa mabaharia wa Uingereza na wake zao vilikawia zaidi ya saa 80. Tofauti, alisema, ilitoka katika nyuzinyuzi za chakula. Mwanakijiji alikula nafaka isiyokobolewa, maharage, mizizi na mboga. Mwingereza alikula mkate mweupe na sukari. Nyuzinyuzi haziyeyushwi na tumbo. Huvuta maji, hulainisha choo, na bakteria wa utumbo mpana huzila wakatengeneza vitu vinavyolisha ngozi ya ndani ya utumbo.

Haifai kusema kwamba kila alilodhani lilikuwa kweli. Mengine wataalamu wanabishana juu yake hata leo. Lakini mwaka 2019 uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba watu walao nyuzinyuzi nyingi hupatwa kidogo zaidi na maradhi ya moyo, kisukari na kansa ya utumbo mpana. Daktari mwenyewe alifariki tarehe 23 Machi, 1993, akiwa na miaka 82.

Sasa wasomaji wenzangu, tujitazame. Bwaloni twanung'unikia makande na maharage, tukaona sembe jeupe ndilo chakula cha mtu mstaarabu, na dona ni la mnyonge. Tukifika nyumbani likizo, mambo huzidi. Mchana twalala, na usiku tunakesha na simu mpaka saa nane, soda mkono mmoja na biskuti mkono wa pili. Burkitt hakupata kuziona simu hizi, lakini wataalamu waliomfuata wametueleza. Mwanga wa kioo usiku hupunguza homoni ya usingizi. Tumbo nalo lina saa yake: usiku hupitisha chakula polepole kuliko asubuhi, na mtu akilala mara baada ya kula, asidi humpanda kifuani. Tena asiyelala vya kutosha huzidi kutamani vitu vitamu. Asubuhi hana hamu ya uji, na choo kimefunga. Tukiendelea hivi, magonjwa ambayo babu zetu hawakuyajua yatakuwa yetu, na hospitali zetu hazikosi kazi hata sasa.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Umatengo kuna mahindi na maharage. Ufukoni kuna mihogo na samaki. Mboga za majani ziko kila mahali. Wazazi wetu watusaidie kwa kutunyang'anya simu ikifika saa tatu ya usiku, hata tukinuna. Nasi tukubali dona bila kulalamika. Mzungu mmoja mwenye jicho moja alisafiri maili elfu kumi barani mwetu, na mwisho akawafundisha watu wa kwao kula kama mwanakijiji wa Afrika. Itakuwa aibu sisi wenye macho mawili tukiitupa sahani ile ile aliyoisifu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne