MARTIN DE PORRES, MWUGUZI WA MASKINI

Katika Amerika ya Kusini, upande wa magharibi unaopakana na bahari kuu ya Pasifiki, iko nchi iitwayo Peru. Nchi hiyo ilitekwa zamani na Waspania, nao mwaka 1535 wakajenga karibu na pwani mji wa Lima, wakaufanya makao ya serikali yao. Lima ukawa mji wa fahari, wenye makanisa makubwa na nyumba za mabwana. Lakini ndani yake walikuwamo pia maelfu ya watumwa, watu weusi waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Afrika, wakavushwa bahari katika merikebu na kuuzwa kama mifugo. Walikuwamo na wenyeji wa nchi, ambao Waspania waliwatumikisha kwa ukali. Katika mji huo alizaliwa Martin de Porres, ambaye habari zake twazisoma leo.

Martin alizaliwa tarehe 9 Desemba, mwaka 1579. Mama yake, Ana Velázquez, alikuwa mwanamke mweusi aliyetoka Panama, ambaye zamani alikuwa mtumwa, kisha akapata uhuru wake. Baba yake, Juan de Porres, alikuwa Mspania wa ukoo bora. Hawakuoana. Mtoto alipozaliwa na rangi ya mama yake, baba aliona haya kumkiri mbele ya watu. Hata siku ya ubatizo, jina la baba halikuandikwa katika kitabu cha kanisa. Baadaye akazaliwa dada yake, jina lake Juana, na Ana akawalea watoto hao wawili katika umaskini.

Yasimuliwa kwamba Martin alipokuwa mdogo, mama yake alimtuma sokoni kununua chakula. Njiani alikutana na maskini, akawapa fedha zote, akarudi nyumbani na kikapu kitupu. Mama alimkaripia, maana nyumbani nako kulikuwa na njaa. Lakini tabia hiyo haikumtoka. Tangu utoto wake hakuweza kuiona shida ya mtu akapita kando.

Baada ya miaka michache baba alirudiwa na dhamiri. Akawachukua watoto wake mpaka Guayaquil, mji ulioko kaskazini, wakae naye na kufundishwa. Lakini mara akapewa kazi ya serikali katika Panama, na Martin akarudishwa Lima kwa mama yake. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, alitiwa kwa kinyozi mmoja ajifunze kazi.

Siku zile kazi ya kinyozi haikuwa kunyoa tu. Kinyozi alifunga vidonda, aliunga mifupa iliyovunjika, alitoa damu kwa kupiga chuku, na kutengeneza dawa za mitishamba. Martin alikuwa mwanafunzi hodari, akajua mizizi na majani, na kipi chafaa kwa homa na kipi kwa jeraha. Wagonjwa walimpenda kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na mpole. Angaliweza kuifuata kazi hiyo na kupata mali. Lakini usiku, mji ulipolala, yeye aliwasha mshumaa akasali, na moyo wake ukamvuta kumtumikia Mungu peke yake.

Alipokuwa na miaka kumi na mitano alibisha mlango wa nyumba ya watawa wa Mt. Dominiko, iitwayo nyumba ya Rozari. Wakati ule kanuni ya nchi ilikataza watu wenye damu ya Kiafrika au ya wenyeji wa Peru kuwa watawa kamili. Basi Martin alipokewa kama mtumishi tu, avae kanzu ya shirika lakini asiweke nadhiri. Akafagia vyumba, akafua nguo, akakata nywele za watawa. Wako waliomheshimu, na wako waliomtukana kwa ajili ya rangi yake na kumwita mbwa. Yeye hakurudisha tusi.

Mwaka mmoja nyumba ile ilipatwa na deni kubwa. Mkuu wa nyumba akatoka kwenda kuuza baadhi ya vitu vya thamani. Martin alipopata habari alimkimbilia, akamsihi asiviuze vitu vile, bali amwuze yeye Martin awe mtumwa, na bei yake ilipe deni. Neno hilo halikuwa la mchezo. Katika Lima watu wa rangi yake waliuzwa kila siku, naye mama yake alikuwa amekwisha kuujua utumwa. Mkuu alishangaa, machozi yakamlenga, akamwamuru arudi nyumbani.

Mwaka 1603, watawa walipokwisha kuuona mwenendo wake kwa miaka mingi, walimruhusu kuweka nadhiri, akawa bruda. Akakabidhiwa nyumba ya wagonjwa, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mpaka kufa kwake.

Mbele ya kila kitanda Martin alifanya kwanza kazi ya mikono yake. Alimwosha mgonjwa, akabadili shuka, akasafisha kidonda, akamnywesha dawa. Kisha alimwombea. Wengi walipona upesi kuliko ilivyotazamiwa, hata wengine ambao matabibu walikuwa wamekata tamaa nao. Watu wakaanza kusema kwamba ni miujiza. Yeye alikataa sifa hiyo, akiwaambia kwamba yeye hutia dawa tu, na aponyaye ni Mungu. Pengine alitumia kusudi dawa duni kabisa, ili watu waisifu dawa, wasimsifu yeye.

Kisha tauni ikaingia Lima. Katika nyumba ya Rozari peke yake watawa sitini waliugua. Vijana wengi wao walitengwa katika upande mmoja wa nyumba, na milango ikafungwa usiku. Hata hivyo, mgonjwa alipohitaji maji au shuka kavu gizani, mara alimwona Martin amesimama kando ya kitanda chake, na mlango haujafunguliwa. Ndivyo walivyoshuhudia wagonjwa wenyewe.

Lakini Martin hakuridhika kuwauguza watawa tu. Aliwaleta pia maskini wa barabarani. Siku moja alimkuta mzee mwombaji, uchi, mwili wote umejaa vidonda. Akamchukua, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe. Mtawa mmoja alimlaumu kwa kuchafua kitanda namna ile. Martin akamjibu kwa upole kwamba huruma yapita usafi, kwa kuwa shuka zikichafuka, sabuni kidogo yatosha kuzitakasa; lakini moyo uliomtendea mwenzake ukatili, hata mto wa machozi ni shida kuuosha.

Wagonjwa wa nje walipozidi, mkuu aliogopa ya kuwa tauni itawaua watawa wote. Akamkataza Martin kuwaingiza tena. Martin alitii, akawapeleka katika nyumba ya dada yake Juana, ambaye sasa alikuwa ameolewa. Ndipo siku moja alipomwona njiani mtu mmoja, mwenyeji wa nchi, amechomwa kisu, damu zamtoka. Nyumba ya Juana ilikuwa mbali, na kwa mwendo ule mtu yule angalikufa. Upande mmoja palikuwa na amri ya mkubwa wake, ambaye alikuwa ameahidi mbele ya Mungu kumtii. Upande wa pili palikuwa na mtu anayekufa. Martin akambeba, akamwingiza katika nyumba ya watawa, akafunga jeraha lake. Hatari ilipopita, akampeleka kwa dada yake.

Mkuu aliposikia alikasirika, akamwadhibu kwa kuvunja amri. Martin alipokea adhabu bila kunung'unika. Kisha akaomba radhi na kumsihi mkuu amfundishe, kwa maana hakujua ya kuwa amri ya utii ni kubwa kuliko amri ya upendo. Mkuu alinyamaza, akafikiri. Tangu siku ile akampa ruhusa kuwafuata maskini kama huruma yake itakavyomwongoza.

Basi Martin akaitumia ruhusa hiyo. Aliomba sadaka kwa matajiri, na kwa sadaka hizo akalisha watu 160 hivi kila siku. Aliwaendea watumwa walioletwa kutoka Afrika, akawafariji na kuwatibu. Tena alisaidia kuanzisha nyumba ya watoto yatima, wavulana kwa wasichana, wapate chakula, mafundisho, na kazi ya kuwasaidia maishani.

Hata wanyama hawakusahauliwa. Alitibu mbwa na paka waliojeruhiwa. Yasimuliwa pia kwamba panya walipozitafuna nguo za wagonjwa, watawa walitaka kuwategea sumu. Martin akawaonea huruma, akawaambia panya watoke nyumbani waende mwisho wa bustani, naye atawapelekea chakula kila siku. Nao wakatoka. Kwa sababu hiyo, katika picha nyingi Martin huchorwa ameshika ufagio, na miguuni pake wako mbwa, paka na panya wakila pamoja katika sahani moja.

Karibu na mwisho wa maisha yake, Feliciano de la Vega, aliyeteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Mexico, aliugua vibaya kifuani alipokuwa Lima. Matabibu wake hawakuweza kumsaidia. Akamwita Martin, akamtaka aweke mkono wake kifuani pake. Martin aliona haya kwamba mkono wa chotara maskini umguse mkubwa wa Kanisa, lakini akatii. Maumivu yakaondoka. Askofu alitaka kumchukua Mexico akae naye katika nyumba yake. Siku hiyo hiyo mtawa mmoja alimkuta Martin anasafisha vyoo vya watawa, akamwuliza kama haingekuwa afadhali kukaa katika jumba la askofu. Martin akajibu kwamba saa moja ya kazi ile yampendeza kuliko siku nyingi za fahari.

Safari ya Mexico haikufanyika. Martin alishikwa na homa kali, akafa tarehe 3 Novemba, mwaka 1639, akikaribia miaka sitini. Mji wote ulilia. Watu walikuja kwa wingi kumwaga, wengine wakikata vipande vya kanzu yake wavihifadhi. Na mtoto yule ambaye baba yake aliona haya kumkiri, alichukuliwa kaburini na wakubwa wa serikali na wa Kanisa.

Mwaka 1660 Kanisa likaanza kukusanya ushahidi. Waliomjua waliapa wakaeleza waliyoyaona. Mwaka 1837 Papa Gregori XVI alimtangaza kuwa mwenye heri, na tarehe 6 Mei, 1962, Papa Yohane XXIII akamwandika katika hesabu ya watakatifu. Sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba.

Angalieni, watoto, miujiza ya mtu huyu ilitoka wapi. Hakuanza kwa kutafuta ajabu. Alianza kwa maji, shuka safi na kitanda chake mwenyewe, na Mungu akaongeza yaliyosalia. Si kila mtu amepewa karama ya kuponya. Lakini hapana aliye mdogo hata asiweze kumpelekea mgonjwa maji.

MASWALI

1. Kwa nini Martin hakuruhusiwa kuwa mtawa kamili tangu mwanzo?
2. Kazi ya kinyozi wakati ule ilikuwa nini, nayo ilimfaaje Martin baadaye?
3. Martin alitaka kufanya nini ili deni la nyumba lilipwe? Kwa nini neno hilo lilikuwa zito?
4. Mkuu wa nyumba alikuwa na sababu gani ya kukataza wagonjwa wa nje? Je, Martin alifanya vema alipomwingiza mtu aliyechomwa kisu? Eleza.
5. Andika kwa maneno yako jinsi Martin alivyomtunza mgonjwa.