Carey Francis: Odijo Mkali Aliyewapa Vijana Steji Bila Kujua Wataenda Nayo Wapi

Wasee wa Eldy, kama ulisoma sekondari huku kwetu unajua msimu wa drama huwa vipi. Dining hall inageuka uwanja wa mazoezi, sauti zimekauka, magoti yamejaa vumbi, na kuna odijo mmoja amesimama pale mbele hataki mtu akosee hata hatua moja. Mkishinda, watu wanakumbuka yule aliyekuwa staa. Wale thelathini waliokuwa wakiimba na kucheza nyuma yake hakuna anayewataja, na odijo ndiye husahaulika kabisa.

Leo tunapiga stori ya odijo mmoja ambaye Kenya haikuweza kumsahau, hata wale waliokuwa na kinyongo naye. Jina lake Edward Carey Francis. Amekufa kitambo, 1966, lakini kama umewahi kupanda steji ya shule ukasema kitu ambacho mzazi wako hangethubutu kusema hadharani, stori yake inakuhusu.

Kichwa cha hesabu kutoka London

Carey Francis alizaliwa London mwaka wa 1897. Ujana wake uliangukia Vita vya Kwanza vya Dunia, akavaa magwanda akaenda kupigana. Alirudi mzima, bahati ambayo vijana wengi wa rika lake hawakuipata. Akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hesabu, na huko alikuwa moto wa kuotea mbali. Baadaye akawa anafunza hesabu hapo hapo Cambridge, kwenye chuo cha Peterhouse.

Sasa hebu fikiria. Uko na miaka thelathini na moja, kazi iko, heshima iko, jina limeanza kujulikana. Nani huacha hiyo maisha? Huyu jamaa aliiacha. Alikuwa Mkristo wa kumaanisha, si wa Jumapili pekee, na mwaka wa 1928 alijiunga na wamishonari wa CMS akashuka Kenya. Walami wengi wa enzi hiyo walikuja kutafuta shamba. Yeye alikuja kufunza, na hakuwahi kuoa. Shule ndiyo ilikuwa familia yake mpaka siku ya mwisho.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Maseno, ile shule iliyo karibu na Kisumu, mahali mstari wa Ikweta unapita. Alikaa pale kama mwalimu mkuu miaka kumi na mbili. Maseno imetoa wakubwa wengi, na Oginga Odinga ni mmoja wao.

Kenya ya shule kwa rangi

Ili uelewe kazi yake, lazima ujue Kenya ya wakati huo ilikuwa vipi, na huhitaji kwenda mbali. Angalia tu hapa Sixty-Four. Makaburu walihamia Uasin Gishu kwa wingi 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, ardhi ikagawanywa kwa namba za shamba, na ndiyo maana mpaka leo wazee wanaita huu mji Sisibo. Hill School unayoiona hapa mjini ilikuwa ya watoto wa wazungu. Wahindi walikuwa na shule zao. Mtoto mweusi wa huku, hata kama kichwa chake kilikuwa kinachemka, hakuwa na mlango kwa Hill School.

Mlango wake ulikuwa mbali, kule Kikuyu nje ya Nairobi, kwa shule inaitwa Alliance. Makanisa ya Kiprotestanti yalikuwa yameungana kuifungua 1926, na nafasi zilikuwa chache kuliko meno ya kuku. Carey Francis alichukua usukani wa Alliance mwaka wa 1940, akakaa nao mpaka 1962. Hesabu mwenyewe: miaka ishirini na mbili, maboi wakali wa kila kona ya nchi wakipitia mikononi mwa mtu mmoja.

Jean-Marie Seroney alitoka Nandi, hapa jirani tu, akapita Alliance. Ronald Ngala alitoka Pwani. Paul Ngei alitoka Ukambani. Kenneth Matiba alitoka Murang'a. Uhuru ulipofika, ukichungulia baraza la mawaziri ulikuwa ni kama unaangalia picha ya darasa.

Mkali, lakini anakujua jina

Hiyo shule haikuwa ya kucheza. Asubuhi ni maombi, bweni linakaguliwa, kompaundi mnasafisha wenyewe. Mwalimu mkuu mwenyewe alizoeleka na kaptula ya kaki, na hakuwa mtu wa kuvumilia uzembe. Alipenda mpira, alipenda hesabu, na juu ya yote alipenda utiifu. Kwake yeye kusoma bila tabia ilikuwa ni kupoteza wakati.

Lakini kuna kitu waliosoma kwake walikuwa wakikitaja sana: alijua kila mtu kwa jina. Unatoka kijijini, kwenu polisi na machifu wanakuita boi tu, halafu unafika shule unapata mzungu anayekujua jina na anataka upite mtihani ule ule ambao mtoto wa Uingereza anafanya. Hilo lilikuwa jambo zito kwa kijana wa miaka hiyo.

Na hapa ndipo mambo yanakuwa magumu, kwa sababu huyu jamaa hakuwa malaika. Aliamini utawala wa Mwingereza. Mau Mau aliipinga vikali, aliona ni giza tupu. Wanasiasa wa Kiafrika waliokuwa wanadai uhuru haraka aliwaona wana papara. Kwa hivyo una mtu anayewaandaa vijana Waafrika kuongoza, lakini haamini kwamba wakati wao umefika. Mkono mmoja unafungua mlango, mwingine umeushika usifunguke sana.

Steji wakati nchi inaungua

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakafungwa kambini kwa maelfu, vijiji vikabomolewa, watu wakasukumwa kwa vijiji vipya vya kulindwa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Alliance mwaka wa 1955 akitoka Limuru. Muhula wa kwanza ulipoisha akarudi nyumbani, hakukuta nyumbani. Kijiji kilikuwa kimebomolewa. Ndugu yake alikuwa msituni na Mau Mau.

Kijana kama huyo akirudi shuleni, nini kilikuwa kinamngojea? Shakespeare.

Kila mwaka Alliance ilipandisha mchezo mmoja wa Shakespeare, na ilikuwa shughuli ya shule nzima. Mwaka wa 1955 ni As You Like It, 1956 Henry IV, 1957 King Lear, 1958 A Midsummer Night's Dream. Kwenye michezo hiyo si kila mtu anakuwa mfalme. Lazima wawepo wanajeshi, watumishi, waimbaji, watu wa msituni. Kijana anajifunza kusimama kwenye mwanga, kupaza sauti ifike kiti cha mwisho, kungoja zamu yake na kumbeba mwenzake akisahau maneno. Na anachoigiza ni nini? Wafalme wanaopoteza akili, wakubwa wanaopinduliwa, watu waliofukuzwa kwao wakakimbilia msitu. Huko nje ya geti, watu waliofukuzwa kwao walikuwa wamekimbilia msitu kweli kweli. Hukuhitaji odijo akuchoree ramani.

Francis mwenyewe hakunyamaza kabisa. Licha ya kuichukia Mau Mau, alilalamikia serikali juu ya ukatili wa askari wake dhidi ya raia. Kwa mzungu wa wakati ule, kusema hivyo hakukuwa kitu cha kukuongezea marafiki.

Vijana wakaandika zao

Halafu kukatokea kitu ambacho Shakespeare hakuandika. Katikati ya miaka ya hamsini, wanafunzi wa Alliance walianza kutunga na kuigiza tamthilia zao wenyewe, kwa Kiswahili. Henry Kuria akaleta Nakupenda, Lakini. Kimani Nyoike akaja na Maisha ni Nini. Gerishon Ngugi akaandika Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi. B. M. Kurutu akafunga na Atakiwa na Polisi.

Soma hivyo vichwa tena. Si ni kama status za WhatsApp za leo? Mapenzi, pesa, maisha ya tao, uchawi, karao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kuona kijana Mwafrika kwenye steji akiongea mambo yake kwa lugha ambayo mathe wake anaielewa. Hawakubaki ndani ya ukuta wa shule. Walizitoa kwa watu, Kiambu, Nairobi, mpaka Nakuru kwa ukumbi wa Menengai Social Hall. Watu waliojaa humo hawakuhitaji kujua Kiingereza ili wacheke au wakae kimya.

Hapa ndipo unaona kitu cha ajabu kuhusu ualimu. Francis alijenga shule ya kutengeneza vijana watiifu. Lakini huwezi kumfundisha mtu kupaza sauti kisha umchagulie maneno ya maisha yake yote. Seroney alirudi Nandi akawa mbunge wa Tinderet, akapigania ardhi ya watu wake mpaka kortini. Mwaka wa 1975, akiwa naibu spika, alitupwa kizuizini bila kesi pamoja na Martin Shikuku, na hakutoka mpaka 1978. Ngũgĩ naye, kwenye riwaya yake Petals of Blood ya 1977, alimchora mwalimu mkuu mzungu mkali ambaye wasomaji wengi wanamwona Francis ndani yake, na si picha ya kumpendeza mtu.

Mwisho wake ulikuwa Majengo

Ungefikiri mtu kama huyo akistaafu anarudi Uingereza kunywa chai na kuandika vitabu kuhusu Afrika. Mwaka wa 1962 Francis aliacha kiti cha Alliance, akashuka Eastlando. Akaenda Pumwani, mtaa wa watu wa kawaida uliojaa Waislamu, akawa mwalimu wa kawaida tu kwenye sekondari ya huko. Hana ofisi kubwa, si bosi wa mtu. Jamaa wa Cambridge, mtu ambaye wanafunzi wake walikuwa mawaziri, anasahihisha hesabu za watoto wa Pumwani.

Hii ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo hata adui wake hana jibu nayo. Mtu anayetafuta ukubwa hafanyi hivyo.

Alikufa Julai 1966. Siasa za Kenya zilikuwa chachu mwaka huo: Odinga alikuwa ametoka KANU miezi michache tu iliyopita na kuanza chama chake cha KPU, na watu waliokuwa marafiki hawakuwa wanasalimiana. Wanafunzi wake wa zamani, wa serikali na wa upinzani, walikuja kumzika. Kaburi lake liko Alliance.

Steji haikufungwa

Yeye alilala, steji ikaendelea. Mwaka wa 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliungana na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, wakapandisha Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani ndio walikuwa waigizaji, na nyimbo zilibeba mchezo wote. Serikali iliipiga marufuku baada ya wiki chache, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Mwaka wa 1982 walijaribu tena na mchezo wa nyimbo unaoitwa Maitũ Njugĩra. Walifungiwa mlango wa ukumbi wa taifa, na ule ukumbi wa wazi ambao wanakijiji walijijengea kwa mikono yao ukabomolewa.

Unafikiri hayo ni ya zamani? Aprili 2025, Butere Girls walifika Nakuru, mji ule ule wa Menengai Social Hall, kwa tamasha za kitaifa za drama. Walikuwa na tamthilia yao, Echoes of War. Korti ilikuwa imesema waruhusiwe kuigiza. Karao wakajaa, vitoa machozi vikarushwa, aliyeandika tamthilia akakamatwa. Wale wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakashuka steji, wakaenda zao. Hakukuwa na staa siku hiyo. Walikuwa kikundi kizima, wameshikana, wanaimba kwa sauti moja.

Carey Francis angesema nini akiwaona? Yule Francis wa utiifu pengine angekunja uso. Lakini yule aliyejua kila mtu kwa jina, aliyelalamikia ukatili wa askari, aliyeacha ukubwa akaenda Pumwani, huyo angetaka kwanza kujua kama wamekula na kama kuna aliyeumia.

Wanafunzi wake walimheshimu, wakambishia, wakamwandika vibaya, na bado wakaja kumzika. Mwalimu akiondoka na hayo yote manne, ujue alifunza kweli.