Dafydd ap Gwilym: Mshairi na Ndege Wake

Dafydd ap Gwilym anatambuliwa na wahakiki wengi kuwa mshairi mkuu wa fasihi ya Kiwelshi ya enzi za kati. Kwa mujibu wa mapokeo, alizaliwa Brogynin, karibu na Aberystwyth, takriban mwaka 1320. Wales ilikuwa imekwisha kutekwa na Uingereza mwaka 1283, na wana wa wafalme waliowafadhili malenga hawakuwapo tena. Mjomba wake, Llywelyn ap Gwilym, alimfunza ushairi. Dafydd akaikuza bahari ya cywydd, yenye mishororo ya mizani 7 inayokwenda jozi jozi, akaitumia kuimbia mapenzi, hasa ya Morfudd, mke wa mtu.

Katika masimulizi ya Kiwelshi, ndege alikwisha kuwa mjumbe kabla yake. Branwen, aliyekuwa akiteswa Ireland, alimfuga kwezi, akamfunza maneno, kisha akamtuma kwa kaka yake na barua mbawani. Dafydd aliupokea utamaduni huo na kuupanua. Alimtuma shakwe kumsalimu mpenzi wake ngomeni, kwa kuwa ndege hazuiliwi na lango wala na mume mwenye wivu.

Hata hivyo, ujasiri wake unadhihirika zaidi katika shairi la misa ya msituni. Humo ndege ndiye kasisi: anavaa maua, anasoma injili, na jani linainuliwa badala ya mkate mtakatifu. Jambo hili halikuwa dogo. Watawa waliyakemea mashairi ya mapenzi, naye Dafydd alitunga shairi la kujibizana na mmoja wao, akishikilia kwamba Mungu si mkali kiasi hicho. Kwa hiyo ndege wa msituni ni hoja: uumbaji nao ni ibada.

Aidha, ndege wake hawamtii daima. Bundi humkosesha usingizi. Ndege mwingine, wa jamii ya kunguru, anamkejeli kuwa amezeeka na kumshauri aachane na mapenzi. Naye mshairi, kwa hasira, anatishia kukibomoa kiota chake.

Dafydd anakisiwa kufariki karibu na mwaka 1350, wakati wa tauni kuu. Mapokeo yanasema alizikwa Strata Florida. Basi mhakiki asitosheke kusema kwamba ndege ni ishara ya mapenzi. Kwa Dafydd, ndege hutumwa, huhubiri, na humwambia mshairi ukweli asioutaka.