Robert Koch: Daktari aliyepima damu ya ng'ombe Dar es Salaam

Na Mwandishi Wetu

MFUGAJI wa Arash, wilayani Ngorongoro, anapoona ndama amevimba tezi chini ya sikio na kupumua kwa shida, huitambua ndigana kali kabla mtaalamu wa mifugo hajafika. Mtaalamu wa maabara huithibitisha kwa kuchukua majimaji ya tezi au damu, kuyapaka kwenye slaidi, kuyakausha, kuyatia rangi na kuyachungulia kwa hadubini. Njia hiyo, inayofanana na ile anayopimiwa mgonjwa wa malaria, inadaiwa mengi na Mjerumani Robert Koch.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843, mjini Clausthal. Alipokuwa daktari wa wilaya huko Wollstein hakuwa na maabara, hivyo alifanyia uchunguzi nyumbani kwake, kwa damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta. Mwaka 1876 alithibitisha kuwa bakteria ndiyo iliyowaua. Machi 24, 1882, alitangaza mjini Berlin kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1905 akatunukiwa Nobel.

Lililo karibu zaidi nasi lilitokea Dar es Salaam kati ya 1897 na 1898. Katika damu ya ng'ombe wagonjwa, Koch aliona vijidudu vidogo mno ndani ya chembe nyekundu. Aliviona sawasawa, lakini akavitafsiri vibaya: alidhani ni hatua changa ya vijidudu vya ugonjwa mwingine wa kupe, ule unaomfanya ng'ombe akojoe damu. Mwaka 1903 tu, akiwa Rhodesia ambako mifugo iliteketea, ndipo alipokiri kuwa huo ni ugonjwa wa pekee. Ndio ndigana kali yenyewe. Ajabu ni kwamba vijidudu vionekanavyo kwenye seli za tezi vingali vinaitwa kwa jina lake, licha ya kosa lile.

Kosa la pili liliwapata binadamu. Mwaka 1906 Koch alipiga kambi visiwa vya Sese, Uganda, ambako malale yalikuwa yakiwamaliza wakazi wa Ziwa Victoria. Wagonjwa walichomwa sindano ya Atoxyl, dawa yenye aseniki, na vimelea vikatoweka kwenye damu yao. Slaidi zilionekana safi. Lakini ugonjwa ulirudi kwa wengi, naye akaongeza kipimo cha dawa badala ya kusita. Baadhi yao walipofuka.

Mwandishi wa habari hizi haoni sababu ya kuficha ukurasa huo kwa heshima ya Nobel. Waliotolewa damu pale Sese walimwamini mwenye sindano, kama anavyoaminiwa leo mtaalamu anayemfunga mgonjwa mpira mkononi.

Koch alirejea Ujerumani mwaka 1907 na kufariki Mei 27, 1910, mjini Baden-Baden. Waliopofuka hawakuona tena.