Nani alimuua Lumumba? Kitabu kinachotaja majina

Patrice Emery Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 huko Onalua, Sankuru, jirani na Maniema yetu. Wachache wanakumbuka kwamba akiwa kijana alikuja upande huu kutafuta kazi, akawa karani Kalima katika kampuni ya bati ya Symétain. Baadaye alihamia Stanleyville, Kisangani ya leo, akaajiriwa na posta.

Mbelgiji Ludo De Witte hakai juu ya miaka hiyo. Kitabu chake, L'assassinat de Lumumba, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 2000, kinafuatilia mauaji kama faili ya polisi: nani alitoa amri, nani alituma telegramu, nani alikuwepo.

Lumumba alikuwa waziri mkuu tangu Juni 1960. Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu alimfukuza, na siku tisa baadaye Mobutu akaingilia kati. Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoroka Léopoldville kuelekea Stanleyville kwa wafuasi wake. Askari walimkamata kando ya mto Sankuru, wakamfunga Thysville.

Tarehe 17 Januari 1961 alipandishwa ndege pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walipigwa njia nzima hadi Élisabethville, mikononi mwa Tshombe. Usiku uleule walipigwa risasi porini, maofisa wa Ubelgiji wakiwepo, Tshombe na mawaziri wake wakitazama. Kisha maiti zilifukuliwa. Polisi Mbelgiji Gérard Soete alizikatakata na kuziyeyusha kwa asidi, akabaki na meno.

Tarehe 13 Februari, Waziri Munongo wa Katanga alitangaza kwamba wafungwa walitoroka wakauawa na wanakijiji. Uongo huo ndio De Witte anaubomoa kwa nyaraka za Brussels na za Umoja wa Mataifa, na hapo ndipo kitabu kinaposhika msomaji. Kiliwatikisa Wabelgiji: bunge lao liliunda tume, na mwaka 2002 serikali iliomba msamaha. Jino moja la Lumumba lilirudishwa kwa familia Juni 2022, likapitishwa Onalua na Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa.

Si kitabu chepesi. Majina ni mengi na mwandishi hafichi hasira yake. Atakayechoka mwanzoni aruke hadi kurasa za ile ndege ya tarehe 17 Januari, halafu arudi nyuma.